Orodha ya michango imetoka nje ya kundi

Msimu wa korosho ukishachanganya, simu za huku Mtwara zinajaa vitu viwili: bei za mnada na kadi za michango. Hela za wakulima wa Newala na Tandahimba zikianza kuingia benki, waliokuwa wanachumbiana kimyakimya wanatangaza harusi, na kila harusi inazaa kundi lake la WhatsApp. Nimo kwenye makundi ya namna hiyo mengi kuliko uwezo wa mfuko wangu.

Moja ni la harusi ya mtoto wa mjomba. Mweka hazina ni mama mdogo, mwalimu mstaafu, na ualimu haujamtoka. Kila jioni anapandisha orodha: juu waliolipa, kila mmoja na tiki yake, chini yao neno AHADI kwa herufi kubwa, halafu majina ya sisi wengine. Dada yangu yumo huko chini, ameahidi laki na nusu. Hajatoa hata mia.

Wiki hii orodha ile ikaibukia kwenye kundi la kikoba cha dada, Chikongola, ambako ana marejesho yaliyochelewa. Aliyeipiga skrinshoti aliikata kwa juu. Tiki hazimo, neno AHADI halimo, limebaki jina la dada na 150,000 mbele yake. Chini mtu kaandika: "Wenzetu za harusi wanazo, za marejesho hawana." Vikafuata vikatuni vya kucheka. Dada anasema bora wangemfuata mlangoni wakamdai kwa sauti, angalau angejibu.

Hakuna aliyedanganya pale, na hilo ndilo linaloniudhi. Jina ni lake, tarakimu ni zake, mama mdogo aliandika kwa mkono wake. Kilichobadilika ni wasomaji. Mbele ya ndugu, laki na nusu ni ahadi ya dada mkubwa anayejikaza asiaibike. Mbele ya wanakikoba, ni ushahidi wa mdaiwa sugu.

Kilichonichekesha, ingawa dada hakucheka, ni kwamba mkataji alikata juu akasahau chini. Chini ya orodha kulikuwa na kipovu cha kijani, upande wa kulia: "Mungu awasimamie." Kwenye WhatsApp upande wa kulia ni wa mwenye simu. Tulirudi kwenye kundi la harusi tukamtafuta aliyeandika maneno hayo jioni ile. Wifi yetu. Wa ndani kabisa, aliyekula pilau kwetu Idi iliyopita.

Tangu hapo nimekuwa nachokonoa mipangilio ya simu kama fundi. WhatsApp inafunga ujumbe kwa msimbo tangu 2016, kwa hiyo wa njiani hawezi kuusoma, lakini wifi hakuwa njiani, alikuwa mwisho wa safari, kaalikwa. Kuna picha za kutazamwa mara moja, na tangu 2022 ukijaribu kuzipiga skrinshoti zinakataa. Mwenye simu ya pili anazipiga picha hivyohivyo. Kuna ujumbe unaojifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Unajifuta kwenye kundi, nakala iliyokwisha kupigwa inabaki kwenye simu ya aliyeipiga. Snapchat humwambia mtumaji kwamba ujumbe wake umepigwa skrinshoti. Instagram walijaribu hivyo kwenye stori mwaka 2018, wakaacha. Na stetasi za WhatsApp, ambako wengi wetu tunamwaga ya moyoni, hazikwambii chochote. Unaona nani katazama, huoni nani kabeba.

Tena stetasi kwa kawaida wanaiona wale ambao namba zao umezihifadhi, na wao wamehifadhi yako. Kwa hiyo ikitoka, haijaibwa na mtu wa mbali. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria zipo. Ibara ya 16 ya Katiba inataja hifadhi ya maisha binafsi ya mtu, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Nilimtajia dada, akaniangalia kama niliyemshauri amshitaki wifi yake kwa Rais.

Ninachoshindwa kukielewa ni hiki. Wifi huyuhuyu amechezwa unyago, na sasa ni somo wa mabinti wa watu. Yaliyosemwa kule ndani, na nyimbo zake, hajawahi kuyatoa nje, hata kwa mumewe, hata kwa utani. Tangu usichana wake anajua kuna maneno ya ndani na maneno ya nje, wala hakuhitaji kuwekewa kufuli. Ila orodha ya michango kaibeba kama tangazo la mnada. Labda kwa sababu haikuwa na mlango. Ilikuwa kiooni tu, katikati ya bei za korosho na vichekesho.

Nimekaa nikapitia kundi la harusi kwa jicho la wifi. Karibu kila aliyelipa kaweka skrinshoti ya ujumbe wa muamala ili aaminike. Kiasi kipo, saa ipo, jina kamili lipo, na mstari wa mwisho: salio lako jipya. Binamu mmoja kachangia elfu thelathini huku salio likisoma milioni na ushee. Siku ya vikao vya vinywaji watamkumbuka.

Jana dada amemtumia mama mdogo elfu hamsini za kuanzia, akaomba orodhani aandikwe "Mwanafamilia". Mama mdogo akakubali kwa huruma. Leo asubuhi watu wanane wameomba hivyohivyo, na mimi nimo. Mchana ikaja sauti yake kundini, ya dakika mbili nzima: "Wanangu, mkiwa nyote ni Mwanafamilia, mimi nitamdai nani?"