Kuufuata Msimbazi, Pugu hadi Salenda

Tuliondoka Pugu mwezi wa Julai, masika yakiwa yamekwisha. Huko vilimani Msimbazi, mto unaokatiza Dar es Salaam, ni kijito cha kuvuka kwa hatua moja. Ila tazama kingo zake: mchanga mtupu. Palipofyekwa miti, mvua imechimba makorongo, na mchanga wake wote unaelekea mjini.

Kutoka hapo hadi baharini ni kama kilomita 35. Tuligawa safari siku mbili, tukalala Vingunguti. Vaa mabuti ya mpira, maana kuanzia viwandani maji hayafai kuguswa na mguu wenye kidonda. Pembeni mchicha unastawi vizuri, lakini unamwagiliwa maji hayo hayo; sisi hatukuununua.

Ukonga na Tabata tulikuta watu wakichota mchanga mtoni. Shimo likichimbwa katikati ya mto, ukingo hukosa egemeo. Mvua kubwa ya kwanza ikija, udongo hukatika na nyumba hufuata. Kuna mahali tuliona choo kimebaki nusu, kinaning'inia juu ya maji.

Kigogo mto unapokea maji ya Mto Ubungo, kisha unaingia Jangwani. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko popote, kwa sababu hapa ndipo mto unapochoka. Mteremko umekwisha, bonde limetanuka, maji yanapunguza mwendo na kutua mzigo wote uliotoka Pugu: mchanga, matope, chupa, magunia. Kitanda kinapanda mwaka hadi mwaka, nafasi ya maji inapungua. Ndiyo maana mvua kubwa ikinyesha Barabara ya Morogoro hufungwa hapa, na ndiyo maana mabasi ya mwendokasi yaliyojengewa kituo bondeni yamefurikiwa zaidi ya mara moja. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini. Kuchimbua tope Jangwani bila kuzuia mmomonyoko wa vilimani, kwa maoni yetu, ni kuteka maji kwa pakacha.

Mbele kidogo, upande wa Hananasif, Mto Ng'ombe unaingia, halafu mikoko inaanza. Mingi ni michu, ile inayochomoza mizizi wima kama penseli ili ipate hewa juu ya tope. Usikanyage, mguu unazama hadi gotini.

Daraja la Salenda lifikie saa sahihi. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji yakijaa, bahari inaingia mtoni na mto unasimama. Mvua kubwa ikikutana na saa hiyo, maji ya Jangwani hayana pa kwenda mpaka yapwe, saa sita baadaye. Sisi tulifika yakipwa. Tope jeusi lilikuwa wazi, korongo wakidonoa, na mkondo mwembamba wa kahawia ulikuwa ukipita chini ya daraja kuelekea lile la Tanzanite na Bahari ya Hindi.