Gunia la nne la vipande, na fundi anayedhani nimechanganyikiwa

Jumamosi nimerudi nyumbani na gunia la nne. Mume wangu akaliangalia, akaniangalia mimi, akauliza, "hivi haya si ndo yale mafundi wanafagiaga jioni?" Nikamwambia ndo yenyewe. Akaenda zake kuangalia mpira.

Kwa wageni, mi nashona kwilti za kichaa, yaani matandiko ya vipande vya nguo vilivyounganishwa. Hilo jina sijalitunga, ndo zinavyoitwa huko zilikotoka, na ukiiona moja huulizi kwa nini. Vipande havina mraba wala mpangilio, pembe zinaenda zinakotaka, satini imekaa na mahameli, mahameli na kitenge, halafu juu ya kila mshono unadarizi kwa uzi wa rangi, unaweka vifungo, shanga, lesi, mpaka mshono wenyewe unapotea. Marekani miaka ya 1880 wanawake walishikwa nazo vibaya sana. Inasemekana kilichowatia wazimu ni banda la Wajapani kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia mwaka 1876, vile vyombo vya udongo vyenye nyufa nyufa na michoro ambayo upande huu haufanani na ule, basi wakarudi makwao wakaanza kukata hariri za magauni ya zamani. Walioishiwa waliagiza mifuko ya mabaki ya hariri kwa posta. Na kwilti nyingi za wakati ule wala hazikuwa za kujifunika, zilitandazwa sebuleni wageni waone. Hapo mtu wa Dar naamini tumeelewana, si mama zetu walikuwa na vitambaa vya makochi ambavyo ukikaa ukaviburuta unasikia majina yako yote matatu?

Sasa watu wakinifuata wananiuliza kushona. Kushona utajifunza wiki mbili. Unaanza na kipande kimoja katikati chenye pembe tano, unalaza kingine juu yake uso kwa uso, unapiga mshono, unakifunua, unapiga pasi, unaendelea hivyo mpaka umejaza. Ni kukusanya ndo kuna shughuli, mi mwaka wa tatu huu na bado napigwa.

Chimbo langu kubwa ni mafundi. Msimu wa harusi ukiingia nenda kwa fundi yeyote anayeshona sare utaona chini ya cherehani kumejaa mali, maana kamati imechagua lesi ya zambarau, mashangazi wamepewa ya dhahabu, kitchen party ina rangi yake na send-off ina rangi yake, na kila gauni likikatwa linaacha vipande vya kwapani na shingoni. Kwa kazi yetu kipande cha ukubwa wa kiganja kinatosha kabisa. Mwanzoni nilikuwa naomba tu, nikagundua nikiomba nabebeshwa takataka, yaani nyuzi na vumbi na pini imejificha humo inakusubiri. Siku hizi namwachia mfuko wangu Jumatatu, Jumamosi napitia na hela ya soda, namwambia fundi niwekee lesi, satini, brokedi na bitana za rangi, zile shifoni zinazoteleza wape wengine. Yeye anaamini natengeneza mito. Nilishamweleza mara mbili, mara ya pili akaniuliza, "sasa dada, ukimaliza unaivaa?"

Lesi ya sare ina faida nyingine ambayo ilinichukua muda kuijua. Usiishone kama kitambaa. Kata yale maua moja moja, yabandike juu ya mshono mahali ambapo umekosea. Na mi nakosea kwingi.

Tai. Tai jamani. Karume kwenye mitumba, ukiacha wanaofungua belo za magauni asubuhi watu wanasukumana, kuna wanaouza tai zimening'inia kwenye waya kama samaki wa kukausha, hakuna anayezigombania. Nishanunua tatu kwa buku mbili. Unazifumua mgongoni, unatoa ile nguo nzito ya ndani, tai yenyewe unaifua kwa mkono unaipiga pasi, na ukibahatika ni hariri tupu. Ya kwanza kabisa kuifumua ilikuwa ya marehemu babu, rangi ya ugoro ina mistari ya kijani, mama alinipa mwenyewe bila kuombwa akasema hata babu alikuwa haipendi. Ila tai imekatwa mshazari, inavutika huku na huku, lazima ikae juu ya kitambaa kigumu kidogo la sivyo inakupinda kazi yote.

Utajuaje kama ni hariri? Lebo ya mtumba usiiamini. Chomoa uzi mmoja, ushike kwa kibanio, uchome kwa kiberiti juu ya sinki. Hariri inanuka nywele zilizoungua na majivu yake ukiyaminya yanasagika. Pamba inanuka karatasi. Polista inayeyuka inakuwa katone kagumu keusi. Mi nilikuwa napuuza hiyo habari ya kuchoma nyuzi nikaona ni mbwembwe za Yutyubu, nikaweka pasi ya moto wa pamba juu ya satini ya bluu nzuri ajabu, ikanyanyuka na pasi. Yaani ikahamia kwenye pasi! Shati la ofisini la mtu likapata doa la bluu kesho yake na mpaka leo nasimangwa.

Kingine ni kuvuta. Kitambaa cha zamani kishike kwa mikono miwili ukivute, kikilia kama karatasi kiache hata kama kinakutamanisha. Wale kina mama wa Marekani hili liliwaumbua bila wao kujua, hariri nyingi za enzi zao viwandani zilikuwa zinaongezewa uzito kwa chumvi za madini kama bati, leo kwilti zao unakuta mahameli bado inang'aa, darizi imekaa, hariri ndo imepasuka mistari mistari kama ardhi ya kiangazi.

Halafu cha chini, kile ambacho vipande vyote vinashonewa juu yake. Hakionekani kazi ikiisha kwa hiyo mi natumia pamba yoyote isiyo na rangi, na hapa kuna kitu huwa kinanifurahisha. Kitambaa chenyewe wazee wanakiita marekani. Jina lilianzia Unguja karne ya 19, wafanyabiashara wa Salem kule Massachusetts walikuwa wanaleta majora ya pamba hiyo na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi. Kwa hiyo nikishona kwilti ya Kimarekani juu ya marekani, hapo Dar nimeongeza nini zaidi ya jasho?

Siku moja marekani ikakosekana, nikaingia duka la vitambaa Kariakoo nikaomba bafta nyeupe mita tano. Muuzaji, mzee wa makamo na kofia yake ya vitobo, akashusha jora taratibu, akapima, hakunitajia bei. Akasema, "pole sana binti yangu, ni mtu mzima?" Nikabaki nimeduwaa. Kumbe bafta nyeupe, mita tano, mwanamke peke yake saa tatu asubuhi, mzee kashajua ni sanda. Nikaanza kumweleza habari za kwilti za kichaa na maonyesho ya Philadelphia, akanisikiliza mpaka mwisho kwa upole mkubwa halafu akanipunguzia bei. Nadhani aliona nimechanganyikiwa kwa msiba.

Kanga ni habari ndefu. Nazipenda kwa sababu zina maneno na kwilti ya kichaa inapenda maneno, ila ukikata jina la kanga angalia unapopitisha mkasi. Nilikuwa na moja ya "Hasidi hana sababu", nikakata bila kufikiri, kipande kilichokaa katikati ya mto wa wifi kikasomeka HASIDI peke yake. Ilibidi nifumue usiku. Ile HANA SABABU ninayo mpaka leo, naisubirisha ipate mahali pake.

Na zinachuja. Hasa nyekundu, kisutu mpya ndo usiseme. Lowesha kona, iweke juu ya kitambaa cheupe, piga pasi, ukiona waridi limehamia basi fua kwa maji baridi, urudie, urudie, na ikigoma iache iendelee kuwa kanga. Niliambiwa chumvi inashika rangi, nikaloweka na chumvi usiku mzima, asubuhi nikawa na kanga ya chumvi inayochuja.

Ila ukifikiria, kuunganisha vipande si kitu kigeni pwani. Inasimuliwa kanga zenyewe, ambazo wengine wanaziita leso, zilianza hivyo mwishoni mwa miaka ya 1800, kina mama wananunua leso za mkono sita zikiwa bado hazijakatwa kwenye jora, wanazigawa tatu tatu, wanaziunganisha inakuwa nguo moja ya kujitanda. Wakati uleule mwenzao wa Boston anahangaika na hariri yake.

Mapambo nayakusanya bila hata kutoka nje. Vifungo vya mashati yaliyochoka, hereni iliyofiwa na mwenzake, riboni ya boksi la keki, matamvua ya kikoi, puleki zilizodondoka kwenye gauni la harusi la mdogo wangu (nilipita na ufagio ukumbini, sina aibu). Shanga nilikuwa nanunua, siku hizi mashoga zangu wananiletea zao za kiunoni zikikatika, na kila mfuko unakuja na hadithi ambayo humu siiandiki. Foronya za mama za kudarizi, zile za "Usiku Mwema" na maua pembeni, nazo zikichanika katikati maneno yanabaki mazima, hizo ni dhahabu. Wamarekani walikuwa wanadarizi utando wa buibui kwenye kwilti nyingi kwa ajili ya bahati. Mi nimeudarizi kwa uzi wa fedha juu ya kipande cha buibui, la kuvaa, na nikajicheka mwenyewe kama mwehu.

Kilichobaki ni kanga ya bibi. Alipofariki nguo ziligawiwa, mama akapata doti moja iliyopauka, nami nikaikodolea macho mwaka mzima. Mama hataki. Kanga ya marehemu inavaliwa mpaka iishe, haikatwi, ndo msimamo wake. Mwezi uliopita pindo limeanza kuachia kwenye kona, akaja nalo mwenyewe, kaikunja kanga mara nne na kaweka kidole mahali penyewe, "hapa tu, usizidi hapa." Kipande cha inchi tatu kwa nne. Mkono ulikuwa unatetemeka nikikata na yeye amesimama juu yangu anashika kanga isicheze.

Sijakishona bado. Nimekibana kwa pini kwenye marekani, juu kulia karibu na mahameli nyeusi, maana rangi yake ya chungwa iliyofifia inatokeza vizuri pale. Jioni nakiacha juu kulia, asubuhi nakikuta chini kushoto. Hakuna anayesema kitu. Nimekirudisha mara tatu, na leo tena kipo chini kushoto, kimebanwa pini mbili safari hii, kimelalia ile tai ya babu ya rangi ya ugoro. Na haziendani hata kidogo.