Kulala kwenye theluji kwa hiari yako

Kila nikiweka picha ya hema langu juu ya theluji ya hapa Finland, ujumbe wa kwanza kutoka Njombe huwa ni ule ule: kodi imekushinda? Hapana jamani, kodi imelipwa. Nimekwenda msituni kwa kupenda mwenyewe.

Sisi wa Njombe na Makete tunajiona wazoefu. Mwezi wa saba umande unaganda kwenye majani ya viazi, na mgeni wa pwani akitetemeka tunamcheka. Uzoefu huo hapa Finland unakufikisha Oktoba tu. Ikifika nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri mambo yanageuka, na mtu wa kuogopwa kwanza ni wewe mwenyewe, kwa sababu ya jasho lako.

Hilo nilifundishwa na mzee mmoja ninayefanya naye kazi. Wanaume wengi wa huku hupitia jeshi, na jeshini hulala msituni kwenye hema kubwa lenye jiko la kuni, wakipokezana zamu ya kukesha kulinda moto. Kwa hiyo baridi anaizungumzia bila mbwembwe. Tukianza safari ananiambia nivue koti zito, nianze mwendo nikiwa nasikia baridi kidogo. Ukipanda kilima umejifunika gubigubi, nguo ya ndani inalowa, na ukisimama kupumzika unyevu ule unaanza kukunyonya joto. Fulana ya pamba ndiyo mbaya kuliko zote, maana ikilowa haikauki. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inakutunza.

Baridi nyingine inatoka chini. Utamwona mtu kanunua begi la kulalia la bei mbaya, halafu kalitandika juu ya kigodoro chembamba. Manyoya ya begi ukiyalalia yanabonyea, hewa inatoka, na kinachobaki kati ya mgongo wako na theluji ni kile kigodoro tu. Mimi hutandika viwili: cha povu chini, cha kujaza hewa juu. Kabla ya kulala nakula karanga au jibini, kitu chenye mafuta, nakwenda haja ndogo hata kama haijanibana, kisha naingia na chupa ya maji ya moto iliyofungwa sawasawa. Chupa ya maji ya kunywa naiweka kichwa chini. Maji huanza kuganda kwa juu, kwa hiyo asubuhi ukiigeuza, mdomo haujaziba.

Moto nao una sheria zake. Finland yeyote anaruhusiwa kupita msituni, hata kulala usiku mmoja kwenye ardhi ya mtu, lakini moto huwashi bila ruhusa ya mwenye ardhi. Nuuksio, pale Espoo, ni hifadhi ya taifa na masharti yanazidi: hema hupigwa sehemu zilizotengwa tu, na moto huwashwa mahali palipojengwa kwa kazi hiyo. Kwenye msitu wa familia yake, mzee huwasha kwa gome jeupe la mti wanaouita koivu, ambalo lina mafuta na hushika moto hata likiwa na unyevunyevu. Akipata kisiki cha paini kilichojaa utomvu anakichonga vijiti vyembamba, na hapo hana la kunifundisha. Tuliokulia kando ya mashamba ya paini kuni hiyo tunaijua kwa harufu. Ila hakikisha hakuna tawi lililobeba theluji juu ya moto wako. Joto likilifikia, theluji yote inashuka kuzima kazi yako.

Jiko la gesi ni msaada, lakini angalia kilichomo mtungini. Butane ikishuka chini ya sifuri haigeuki mvuke, utabaki unalitazama jiko. Tafuta mtungi wenye propane. Na ukiyeyusha theluji, tanguliza maji kidogo kwenye sufuria, la sivyo sufuria itaungua.

Jambo moja silifanyii mzaha. Kwetu nyanda za juu tumezika watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Hewa ile ile isiyo na harufu inaua watu ndani ya hema lililofungwa kwa kuogopa baridi. Usipikie ndani ukafunga zipu, na hata ukichimba pango la theluji, toboa tundu la hewa juu.

Mwangalie na mwenzako. Akianza kuongea kilevi, akishindwa kufunga zipu, baridi imeshaingia mwilini. Akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, usishukuru, piga 112. Programu ya 112 Suomi hutuma mahali ulipo, ilimradi simu iko hai, kwa hiyo simu inakaa mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi inamaliza chaji upesi. Mwezi wa Desemba upande wa Helsinki jua linachomoza baada ya saa 3 asubuhi na kama saa 9 na robo alasiri limezama. Hema liwe limesimama saa 8.

Wanaouliza waanzie wapi: anzieni barazani kwenu, usiku wa nyuzi 5 chini ya sifuri, mlango ukiwa hatua mbili. Vifaa msikimbilie kununua vipya. Baadhi ya maktaba za huku huazimisha vifaa vya michezo bure, na kwenye masoko ya mitumba sweta nzito za sufu huuzwa kwa bei ya kawaida kabisa. Mitumba tunaijua sisi; nusa kwapa, kagua mishono, omba punguzo.