Tramadol ilivyonigeuka na nilivyoishusha mdogo mdogo

Mimi nauza dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, mgongo uliharibika kwenye ajali ya bodaboda, nikafanyiwa oparesheni ya diski halafu nikaandikiwa tramadol, dawa kali ya maumivu. Mwanzoni ilifanya kazi kweli, unameza kapsuli moja ya miligramu 50 asubuhi unashinda unapima mzigo na wateja wa Kongo huna habari. Baadae ikawa haitoshi, wakapandisha, wakapandisha tena mpaka miligramu 400 kwa siku ambayo ndo mwisho wake.

Sasa maumivu hayakubaki kiunoni. Yakashuka miguu yote miwili, yakapanda mabegani, mpaka ngozi yenyewe ikawa inauma, nikioga maji yakigusa mgongo nasikia kama yana pilipili, wife akiniwekea mkono begani naruka. Na kila dozi ikipanda ndo yanazidi. Nikajua diski imetoka tena, tukapiga picha ya MRI, hamna jipya.

Kuna daktari mmoja mama mtu mzima ndo akaniuliza, "Baba, yanauma palepale pa zamani au yameenea?" Basi akanielewesha: kuna mwili kuzoea dawa, hapo ukiongezewa dozi unapata nafuu, na kuna hii yangu, dawa za jamii ya mofini, na tramadol ni mojawapo, zikikaa sana mwilini mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo na ubongo inakuwa nyepesi mno kupokea maumivu, kitu kidogo inakisikia kikubwa, ukiongeza dozi unachochea. Kumbe wala si jambo la juzi, 1870 daktari Mwingereza Clifford Allbutt alishaanza kutilia shaka sindano za mofini kwa hilohilo.

Hatukukata ghafla, ukikata ghafla ni arosto, jasho, mafua, kuhara, usingizi hupati. Tulitoa kapsuli moja tunakaa mwezi hivi, nikiwa hoi hatushuki tunabaki palepale, huku nameza panadol na mazoezi ya fizio ambayo nilikuwa nayadharau ila ndo yamenibeba. Kila tukishusha siku za mwanzo zinakuwa mbaya zaidi, hapo ndo wengi wanarudi nyuma, ukivumilia zinapita.

Kiuno bado kinauma nisidanganye, gunia ananibebea kijana, ila miguu na mabega yametulia na ngozi imerudi kawaida.

Na wewe mwenye mgonjwa wa kansa anayetumia ile mofini ya maji usimnyang'anye kisa mimi, yule kesi yake tofauti kabisa, muulize daktari wake.