Upande wa Kwanza

Jumapili usiku

Leo nimeosha santuri 19. Zimesimama kwenye kichanja cha vyombo zinakauka, sahani za chakula nimezihamishia mezani. Maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni, kitambaa laini, na mkono unafuata mzunguko wa mifereji bila kukata katikati. Kazi ngumu ni kuilinda ile karatasi ya duara pale kati isilowe. Wino wa zamani ukiguswa na maji unaondoka, na jina linaondoka nao. Kwa wanamuziki wengi ninaowatafuta, sijapata mahali pengine jina lao lilipoandikwa.

Watu wakisikia nakusanya santuri huuliza kwanza kama nina za Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gitaa. Ninazo, na nampenda. Lakini Mbaraka alifariki Januari 1979 na mpaka leo akipigwa redioni watu wanaimba naye. Roho yangu iko kwa wale wengine: aliyeingia studio mara moja au mbili, akatoa santuri ndogo ya inchi saba, akarudi kwao, asisikike tena.

Hapa Tanga ukitaja muziki wa zamani utaambiwa Jamhuri Jazz na mtindo wao wa dansi wa Toyota, utaambiwa Atomic Jazz na wao wa Kiweke, na mzee mmoja lazima akukumbushe kwamba wanamuziki akina Kinyonga walipita Jamhuri kabla ya kwenda Kenya kuunda bendi ya Simba Wanyika. Ni kweli, na ni fahari yetu. Ila mji uliokuwa na bendi mbili kubwa namna ile ulikuwa pia na vijana wengi waliobeba magitaa nyuma yao. Hao nao walitaka santuri yao.

Na santuri haikuwa jambo dogo. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nyingi, lakini kwenye kanda, kwa ajili ya kurusha hewani; kanda ilibaki kwao. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho. Bendi iliyotaka kitu cha kushika mkononi ilifunga safari mpaka Nairobi, magitaa juu ya basi, nauli ya kuchangishana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, njia hiyo ikaziba, na ulipofunguliwa mwaka 1983 kaseti zilikwisha kushika soko. Kwa hiyo nikiokota santuri ya miaka ya sabini mwanzoni naiona ile safari yote, na naumia ikiwa imevunjika. Mwaka juzi nilitumiwa sita kutoka Mombasa, zikaachwa juani njiani nusu siku. Zilifika zimejikunja kingo kama bakuli. Sijazitupa mpaka leo.

Hizi 19 nimezipata hapa hapa mjini, Ngamiani, kwa mama mmoja mjane. Mjukuu wake ndiye aliyenielekeza. Nilipofika nikamwamkia, akaitikia, akaniambia, “Kaa kwanza, mwanangu, vitu hivi havina mbio.” Zilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, zimefungwa kanga. Mumewe ndiye aliyezinunua, alikuwa akifanya kazi bandarini. Gramafoni iliuzwa zamani, wakati wa shida. Santuri hakuna aliyezitaka.

Kuna moja nimeishika mchana mzima. Lebo imefifia, nimebaki na herufi tatu za jina na maneno “Sehemu ya 1”. Wasiozijua santuri hizi pengine wanashangaa: wimbo wa dansi ulikuwa mrefu, upande mmoja wa santuri ndogo haukutosha, basi wakaukata. Upande wa kwanza maneno, taratibu, mwimbaji anasimulia shida yake. Unageuza, upande wa pili ni chemko: gitaa la solo linapanda, saksofoni zinajibu, watu wanainuka vitini.

Sasa, ukiiinamisha santuri kwenye mwanga unaona maisha yake. Sindano inayopita mara elfu inaifanya mifereji iwe kijivu. Hii yangu upande wa pili umekwisha kabisa, unasikika kama mvua juu ya bati, gitaa linatoka kwa mbali. Upande wa kwanza unang'aa kama ulitoka dukani jana. Mwenyewe alikuwa haupigi. Nikaipiga mimi. Sauti ya kijana, nyembamba kidogo, haina madoido. Anamwomba mkewe amfungulie mlango. Anakiri mshahara ameula na marafiki, anasema baridi ya nje si kitu, kinachomuuma ni kunyamaza kwake. Nimesikiliza nyimbo nyingi za kuomba msamaha na nyingi zina ujanja ndani. Huyu hana. Sijui wimbo wa dansi ulionigusa kuliko huu.

Saa kumi na moja jioni nikafunga mashine yangu ya kupigia santuri kwenye pikipiki, nikarudi Ngamiani. Nilihisi si haki niusikie mimi kabla yake.

Mama alipoiona santuri akacheka. “Hii! Hii ndiyo aliyoniharibia nayo usingizi. Akirudi usiku hata viatu havui, anaweka hiyo, ananishika mkono tucheze. Mimi nimekasirika, yeye anacheza.” Akaanza kuliimba lile gitaa kwa mdomo, noti kwa noti, zile ambazo kwenye santuri hazisikiki tena.

Nikamuuliza kama anayakumbuka maneno ya upande wa kwanza.

“Kumbe wimbo huu una maneno?”

Nikaiweka. Alisikiliza ameinama, mkono shavuni. Mwimbaji alipofika pale kwenye mlango, mama akaacha kutikisa mguu. Wimbo ukakatika katikati ya kibwagizo, kama zinavyokatika zote, sindano ikabaki inazunguka tupu. Nikanyoosha mkono kuigeuza.

“Acha,” akasema. “Usigeuze. Rudisha mwanzo.”