Siku moja kwenye kiti cha pembeni: kazi ya mwalimu wa udereva

Nikisema nafundisha udereva, watu hucheka na kuniuliza nimeshagongeshwa mara ngapi. Wengine hudhani ni kazi ya kukaa tu, unapigwa upepo wa dirishani huku ukisema "kata kona hapo". Basi leo nawaandikia siku yangu jinsi ilivyokwenda.

Saa kumi na mbili asubuhi. Nalizunguka gari kabla mwanafunzi hajafika: upepo wa matairi, oili, maji, taa za breki. Kisha naingia upande wangu na kuikanyaga breki ya pili, ile ya mwalimu, mpaka niridhike. Nina kioo cha ziada cha kutazama nyuma, na kingine kidogo ambacho hakitazami barabara kabisa. Hicho kinatazama macho ya mwanafunzi. Miguu yake naijua kwa mlio wa injini, na mikono naiona. Lakini kama jicho lilipita kwenye kioo kabla usukani haujageuka, hilo sina pa kulijulia ila hapo.

Saa moja na nusu. Dada mmoja mwoga kwelikweli. Mimi waoga siwalalamikii. Mwoga hupunguza mwendo, huuliza, husubiri. Gari lilimzimikia kwenye makutano na walio nyuma wakaanza kelele za honi. "Hendibreki. Gia huru. Washa. Hao wa nyuma waache, hawana la kukufanya." Tukavuka.

Saa tatu, darasani. Alama za barabarani, haki ya njia, kisha takwimu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, barabara huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na kwa wenye miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi. Darasa langu karibu lote ni la umri huo, kwa hiyo hapo huwa kimya.

Kijana wa nyuma akauliza mbona hatufundishi kuliokoa gari likishateleza, kama wanavyofanya kwenye video. Nikampenda kwa swali hilo. Yapo mafunzo ya aina hiyo, na tafiti zilipowafuatilia vijana waliopitia baadhi yake, ilionekana hawakupunguza ajali; wengine walizidisha. Kijana akishajiona fundi wa kuteleza, anaingia kwenye kona yenye maji kwa mwendo ambao mwoga wangu wa asubuhi asingethubutu.

Saa tano. Sasa huyu ndiye aliyenimaliza.

Mtu mzima, ana leseni ya miaka mingi, kaletwa na mwajiri wake kwa sababu kagonga gari la mbele yake, na si mara ya kwanza. Akaketi, akavuta mkanda, akaupitisha nyuma ya mgongo na kuubana kwenye kifungio chake ili gari liache kulia. Nikamwambia hatuondoki.

"Mwalimu, mimi nimeshika usukani kabla wewe hujaanza kufundisha."

"Naamini, mzee wangu. Mkanda."

Kwa aliyekaa kiti cha mbele, mkanda waweza kupunguza hatari ya kufa hadi kwa nusu. Nilimwambia. Akasema yeye hana mpango wa kugonga mtu leo. Akafunga, lakini kwa kunihurumia.

Barabarani akamkaribia wa mbele mpaka nikasoma stika kwenye kioo chake. Nikamwomba achague nguzo: wa mbele akiipita, ahesabu walau sekunde mbili kabla naye hajaifikia. Hakufika hata moja. "Nikiacha nafasi wataingia," akasema. Waingie! Kila anayeingia amekuchelewesha sekunde mbili. Hesabu hii huwa nawapa wote wenye haraka: kilomita kumi kwa mwendo wa 80 badala ya 60 zinakuokolea dakika mbili na nusu, hiyo ni endapo hakuna taa wala foleni hata moja. Simu ikaita, akapokea. "Iko kwenye spika, mikono haina kazi." Tatizo si mikono, mzee. Anayezungumza na simu akiendesha yuko kwenye hatari ya ajali mara nne hivi ya asiyezungumza, na spika haimwokoi sana, kwa kuwa kilichoondoka barabarani ni akili. Akakata, akaiweka pajani. Nikaomba iende kwenye dashibodi, ndani, kifuniko kikafungwa.

Kisha nikamwambia aendeshe huku akitaja kwa sauti kila anachokiona. Hapo ndipo mtu anapojianika. "Gari. Gari. Pikipiki. Taa ya kijani." Mbele yetu basi lilikuwa limesimama pembeni, na chini yake, usawa wa bampa la mbele, vilionekana viatu viwili vidogo vikielekea upande wetu. Yeye akataja basi. Viatu hakuvitaja, na mwendo hakupunguza. Nikakanyaga ya kwangu.

Alikasirika. "Mbona unanishikia breki?" Mtoto akatokea mbele ya basi, akavuka anakimbia, hata hakugeuka kututazama.

"Ningemwona," akasema.

"Ungemwona, ndiyo. Nauliza ungesimama wapi."

Hilo hakulijibu, nami sikutaka libaki maneno matupu, nikampeleka uwanjani kwenye koni. Afike kwenye koni kwa 30, nipige kofi, afunge breki. Tukapima kwa hatua. Halafu 60. Kabla ya kupima nikamwambia akisie. "Mara mbili." Tukatembea. Akahesabu mwenyewe, akarudi, akahesabu tena, akasema breki za gari langu mbovu. Ilikuwa kama mara nne, na ndivyo inavyokuwa kwa gari lolote, maana mwendo ukiwa maradufu, umbali wa kufunga breki unakuwa mara nne. Tena hapo alikuwa anangoja kofi. Njiani hakuna wa kukupigia kofi.

Mwisho wa somo akaniuliza cheti kitatoka lini.

Chakula nilikila garini, haraka.

Mchana uliobaki sijui niuelezee kwa saa ipi. Jua, foleni, mwanafunzi anashuka mwingine anapanda. Kioo, indiketa, kioo tena, geuza shingo. Koo linakauka kwa maneno yaleyale. Mguu unakaa umening'inia juu ya breki siku nzima bila kukanyaga, na kuning'inia huko ndiko kunakokaza msuli wa paja kuliko kukanyaga kwenyewe. Na wakati wote usipandishe sauti, maana ukipiga kelele mwanafunzi anakutazama wewe, barabara inabaki haina dereva. Mmoja aliegesha vizuri kinyumenyume kwa mara ya kwanza akataka nimpige picha na gari. Nilimpiga.

Giza limeshaingia nikapigiwa simu na baba wa mwanafunzi. Anataka binti yake afanye mtihani wiki hii. Anadai namchelewesha ili niendelee kula ada. Nikamweleza kuwa binti anaendesha vizuri, ila mchana tu, tena kukavu. New Zealand tangu 1987 wana leseni ya hatua kwa hatua: dereva mpya haachiwi usiku wala marafiki wa kupakia kwa mkupuo mmoja, na nchi kadhaa zimeiga kwa kuwa inapunguza ajali za vijana. Baba akasema hapa si New Zealand. Kweli. Nikamwambia karatasi sisaini mpaka binti aendeshe usiku nikiwa pembeni yake, na kama anaona ni wizi, masomo hayo ya usiku simtozi.

Akanyamaza kidogo, akauliza ni saa ngapi. Nimemwandikia Alhamisi saa moja na nusu jioni. Mvua ikinyesha itakuwa bora zaidi.