Hedwiga, Mwanamke wa Kizingitini

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Tarehe 16 ya mwezi huu wa Oktoba Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Hedwiga, na Injili iliyowekwa kwa kumbukumbu yake ni ile ya Marko, sura ya 3, kuanzia mstari wa 31 hadi wa 35, ambapo Yesu yumo katika nyumba iliyojaa watu, huku mama yake na ndugu zake wakiwa wamesimama nje na kutuma mtu amwite. Tumeizoea mno Injili hii, hata hatuoni tena jinsi inavyouma. Kwetu neno "ndugu" ni pana: mtu akiambiwa kwamba ndugu zake wako nje, hakuna anayeuliza kwanza kama ni wa tumbo moja au ni wa ukoo, bali aliyeketi huinuka na kuwapisha. Yesu hakuinuka. Aliwatazama waliomzunguka, akasema kwamba hao ndio mama yake na ndugu zake. Nimesoma maisha ya Hedwiga nikijiuliza kwa nini mwanamke huyu, aliyezaa watoto saba na kuwa na ndugu kila pembe ya Ulaya, amechaguliwa kusimama kando ya maneno haya.

Alizaliwa yapata mwaka 1174 huko Andechs, kusini mwa Ujerumani, kwenye kilima kinachotazama ziwa Ammersee. (Waamini wa Peramiho na Ndanda wana sababu ya kuikumbuka nchi hiyo, kwa maana ng'ambo ya ziwa hilo, upande wa magharibi, ndipo ilipo monasteri ya Mtakatifu Ottilia, walikotoka Wabenediktini waliowaletea Injili.) Baba yake, Berthold, alikuwa mtawala mwenye cheo cha Merania, mama yake, Agnes, alitoka katika ukoo wa Wettin. Akiwa bado mtoto alipelekwa kulelewa kwa wamonaki wa kike wa Kitzingen, kando ya mto Main, akasomeshwa Maandiko, na alipofikia umri wa miaka 12 hivi akaozwa kwa Heinrich, mwana wa mtawala wa Silesia, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa iko Polandi. Umri huo unatushtua, na ni vema utushtue. Binti wa ukoo wa kitawala alitolewa kama muhuri unavyogongwa kwenye mkataba, na dada zake Hedwiga walitolewa vivyo hivyo.

Hapo ndipo habari ya ukoo huu inapokuwa nzito. Mdogo wake Agnes aliolewa mwaka 1196 na Mfalme Philippe wa Pili wa Ufaransa, ambaye miaka mitatu kabla yake alikuwa amefunga ndoa na Ingeborg, binti wa kifalme wa Denmark, kisha akamkataa kesho yake. Papa hakuitambua ndoa ya pili, na mwaka 1200 Papa Inosenti wa Tatu alipiga marufuku ibada katika nchi ya mfalme huyo, hata watu wasiohusika kabisa na mambo ya ikulu wakajikuta milango ya makanisa yao imefungwa kwa sababu ya ndoa ya bwana wao. Agnes alikufa mwaka uliofuata. Mdogo wake mwingine, Gertrude, aliolewa na Andrea wa Pili, mfalme wa Hungaria, na mwezi Septemba mwaka 1213, mfalme akiwa vitani mbali, wakuu wa nchi waliochoshwa na upendeleo aliowapa jamaa zake kutoka Ujerumani walimwua. Aliacha watoto, na mmoja wao alikuwa msichana wa miaka sita aliyekwisha kupelekwa Thuringia kulelewa kwa wakwe zake watarajiwa. Huyo ndiye Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, na kwa hesabu ya kwetu Hedwiga alikuwa mama yake mkubwa.

Kati ya misiba hiyo miwili palitokea aibu iliyokuwa kubwa kuliko misiba yenyewe. Tarehe 21 Juni 1208, mjini Bamberg, siku ambayo Otto, kaka wa Hedwiga, alikuwa akimwoa Beatrix wa Burgundia, mfalme wa Wajerumani, Philipp wa Swabia, aliyekuwa baba mdogo wa bibi harusi, aliuawa katika makao ya askofu. Askofu mwenye nyumba alikuwa Ekbert, naye pia ni ndugu wa Hedwiga. Aliyeua, Otto wa Wittelsbach, alikuwa mchumba wa binti ya Hedwiga aliyeitwa Gertrude kama mama yake mdogo. Ekbert na ndugu yake aliyekuwa mtawala wa Istria wakashtakiwa kwamba walishiriki njama hiyo, wakakimbilia Hungaria kwa dada yao aliyekuwa bado hai, na ngome ya Andechs, nyumba aliyozaliwa Hedwiga, ikabomolewa. Hesabuni wenyewe: mwenyeji, bwana harusi, mshtakiwa na mchumba wa mwuaji, wote walikuwa jamaa wa mwanamke mmoja.

Wahenga wetu walisema udugu ni kufaana, si kufanana. Ni methali nzuri, nasi tumeitumia mara nyingi katika jumuiya kuwatia watu moyo wa kusaidiana, lakini mbele ya ukoo wa Andechs naiona haitoshi, kwa sababu inamwachia mtu nafasi ya kumfuta ndugu asiyemfaa. Ndugu wa Hedwiga walimletea fedheha zaidi kuliko faida. Hata hivyo jina lao lilibaki kuwa jina lake, na utakatifu wake haukuota mahali pengine mbali na shamba hilo lenye miiba.

Miaka michache kabla ya mauaji ya Bamberg, yeye na mumewe walikuwa wamejenga huko Trzebnica, kaskazini mwa Wrocław, monasteri ya kwanza ya wanawake katika Silesia, na mwaka 1203 wamonaki wa kwanza wa shirika la Kisistersiani walifika kutoka Bamberg. Binti yake Gertrude, baada ya uchumba wake kuishia katika damu, aliingia humo. Mwaka 1209 Hedwiga na Heinrich, waliokuwa wameishi katika ndoa zaidi ya miaka 20, waliweka nadhiri mbele ya askofu kwamba wataishi tangu hapo kwa usafi, na inasemekana kwamba ndipo mtawala huyo alipoacha kunyoa, akaitwa Heinrich Mwenye Ndevu mpaka leo. Wengine kati yetu huisifu nadhiri hiyo kana kwamba ndoa yenyewe ilikuwa kikwazo cha utakatifu. Sikubaliani nao. Mwanamke huyu alifika hapo akiwa amezaa na kulea, na amewazika baadhi ya watoto wake wakiwa wadogo. Nadhiri yake ilitoka ndani ya ndoa, kwa ridhaa ya wote wawili, wala haikuifuta.

Kalenda zetu zinamwandika "mtawa", nasi tunasoma hivyo kanisani, lakini ukweli ni kwamba Hedwiga hakuweka nadhiri za kitawa hata siku moja. Aliishi karibu na masista wa Trzebnica, akavaa kama wao na kusali pamoja nao, ila alikataa nadhiri ili aendelee kuwa na haki juu ya mali yake, apate kuigawa kwa maskini. Mtawa hana cha kutoa kwa kuwa hana chake. Yeye alitaka kubaki na cha kutoa. Kwa hiyo alikaa kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Mapokeo yanasimulia kwamba alisafiri na maskini 13, kwa heshima ya Kristo na mitume wake, akiwahudumia mezani kabla yeye mwenyewe hajala. Kwamba aliwatunza wanawake wenye ukoma. Na kwamba alitembea bila viatu hata wakati wa theluji, mpaka mwungamishi wake akamwagiza awe navyo, naye akatii kwa kuvichukua kwapani. Ndiyo maana wachoraji humwonyesha ameshika jozi ya viatu mkononi. Kwetu sisi, tunaovua viatu mlangoni kabla ya kukanyaga mkeka wa mwenye nyumba, picha hiyo haihitaji mfasiri.

Naye hakuutumia mlango wa monasteri kuwafungia watu wake. Mwaka 1229 mumewe alipokamatwa na Konrad, mtawala wa Masovia huko Polandi, Hedwiga, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 50, alitoka Trzebnica na kwenda mwenyewe kwa Konrad kumwombea, na mumewe akaachiliwa pasipo vita. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko miujiza yote anayosimuliwa. Nadhiri ya mwaka 1209 haikumfanya Heinrich awe mtu wa nje kwake. Injili ya Marko inamtaja ndugu wa kweli kuwa ni yule afanyaye mapenzi ya Mungu, na mara nyingi tumeielewa kama ruhusa ya kuwaacha wa damu na kuwachagua wa roho. Hedwiga aliisoma kwa mwenendo wake kwa namna nyingine: aliwaingiza wasiokuwa ndugu ndani ya udugu, na wale wa damu hakuwatoa. Hata Ekbert, aliyerudishiwa jimbo lake la Bamberg, alikuja kuwa mjomba aliyempokea Elizabeti alipokuwa mjane na kumpa makao katika ngome ya Pottenstein, ingawa alikuwa na nia ya kumwoza tena, na Elizabeti akakataa. Elizabeti alifariki mwaka 1231 akiwa na umri wa miaka 24, akatangazwa mtakatifu mwaka 1235, mama yake mkubwa akiwa bado hai.

Heinrich Mwenye Ndevu alifariki mwaka 1238 akazikwa Trzebnica. Mwana wao Heinrich, aitwaye Mcha Mungu, akatawala baada yake, na tarehe 9 Aprili 1241 aliuawa karibu na Legnica akipigana na Wamongolia, ambao walimkata kichwa na kukitundika kwenye mkuki mbele ya mji. Hedwiga alikuwa amekimbilia Krosno pamoja na mkwewe Anna, mke wa marehemu, na binti yake Gertrude. Fikirini wanawake watatu katika ngome moja: mjane mzee, mjane mpya na mtawa aliyewahi kuwa mchumba wa mwuaji. Wanaosimulia wanasema mzee ndiye aliyewafariji wawili waliosalia, akamshukuru Mungu kwa kumpa mwana wa namna hiyo. Maneno kama hayo hayapatikani kwa siku moja. Yanadai miaka mingi ya kusimama mlangoni na kupokea habari mbaya.

Alifariki Trzebnica tarehe 15 Oktoba 1243. Kati ya watoto wake saba alibaki mmoja tu. Miaka mitano baadaye ukoo wa Andechs upande wa wanaume ukakoma, na mashamba yake yakagawanywa na wengine. Mwaka 1267 Papa Klementi wa Nne alimtangaza Hedwiga kuwa mtakatifu, na kaburi lake likafunguliwa. Abesi wa Trzebnica mwaka huo, yaani mama mkuu wa monasteri, aliyekuwa na umri wa miaka zaidi ya 60 na kubakiwa na mwaka mmoja tu wa kuishi, alikuwa binti yake Gertrude.